Kenny Rogers mwaka 1983: albamu tatu, kampuni mbili

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniuliza hivi: "Marehemu baba aliacha kaseti ya Kenny Rogers ambayo juu yake imeandikwa kwa kalamu, 'Kenny na Dolly, 1983.' Ndani yake mna 'Islands in the Stream' na 'We've Got Tonight,' lakini kaka yangu anashikilia kwamba anayeimba katika wimbo wa pili si Dolly Parton. Nilipotafuta zaidi nikakuta albamu tatu za mwaka huo mmoja, tena za kampuni mbili tofauti. Je, Kenny alitoa albamu ngapi kweli, aliimba na akina nani, na ilikuwaje yote yakatokea ndani ya mwaka mmoja?"

Kaka yako anasema kweli. Sauti ya kike katika "We've Got Tonight" ni ya Sheena Easton, mwimbaji kutoka Scotland, ilhali Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, yumo katika "Islands in the Stream" tu. Albamu tatu ulizozikuta ni za kweli pia, ingawa zenye kazi mpya ni mbili: We've Got Tonight, iliyotolewa na kampuni ya santuri ya Liberty mwanzoni mwa mwaka, na Eyes That See in the Dark, iliyotolewa na RCA katika nusu ya pili ya mwaka. Ya tatu, Twenty Greatest Hits, ni mkusanyiko wa vibao vilivyokwisha kuvuma, na aliyeutoa ni Liberty, kampuni ambayo Kenny alikuwa ameshaiaga. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa likijibiwa, hayo mengine yanajieleza. Kenny Rogers alihama kampuni mwaka 1983, na ukitaka kujua kwa nini aliimba na huyu mwezi huu na yule mwezi ule, tazama kwanza mkataba wake ulikuwa mikononi mwa nani.

Turudi nyuma kidogo. Kenny, mzaliwa wa Houston, Texas, mwaka 1938, hakuanzia katika kantri. Alipitia jazi na muziki wa kiasili, kisha akajulikana na kundi la The First Edition mwishoni mwa miaka ya 1960. Alipobaki peke yake alisajiliwa na United Artists, na huko mtayarishaji Larry Butler wa Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, akamwelekeza kwenye nyimbo za masimulizi ambazo wasikilizaji wetu wengi wanazijua kwa moyo: "Lucille" ya 1977, "The Gambler" ya 1978 na "Coward of the County" ya 1979. United Artists ilinunuliwa na EMI ya Uingereza, na jina la Liberty likafufuliwa mwaka 1980 ndani ya familia hiyo ya EMI. Kwa hiyo Kenny hakuhama wakati huo. Ni jina lililo juu ya santuri zake lililobadilika.

Jambo moja kuhusu Kenny ni lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Vibao vyake vikubwa karibu vyote viliandikwa na watu wengine, na yeye mwenyewe hakulificha hilo. Kipaji chake kilikuwa katika kuchagua wimbo, katika ile sauti yenye mkwaruzo inayokufanya uamini kwamba anayesimulia yalimpata kweli, na katika kutambua ni sauti ya nani itakayofaa kuwekwa kando ya yake. Mwaka 1980 alimwendea Lionel Richie, aliyekuwa bado mwanachama wa kundi la The Commodores, akapata "Lady," wimbo uliokaa kileleni mwa chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa majuma 6. Mkusanyiko wake wa mwaka huo, Greatest Hits, ukawa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya kantri. Msanii wa namna hiyo, ambaye hategemei kalamu yake mwenyewe, huishi kwa ushirikiano, na ushirikiano katika biashara ya santuri haukuwa suala la urafiki peke yake.

Watazame wanawake aliokuwa ameimba nao kabla ya 1983. Dottie West, aliyeimba naye "Every Time Two Fools Collide" mwaka 1978, alikuwa msanii wa United Artists, kampuni ileile ya Kenny. Kim Carnes, aliyeimba naye "Don't Fall in Love with a Dreamer" mwaka 1980, alikuwa wa EMI America, yaani ndugu wa Liberty katika nyumba moja. Sheena Easton naye kwa upande wa Marekani alikuwa wa EMI America. Kuwaunganisha wasanii wawili wa kampuni moja kulikuwa kazi ya barua chache, wakati kuwaunganisha wa kampuni mbili zinazoshindana kulihitaji wanasheria, vibali, mgawanyo wa mapato na mabishano kuhusu nembo ya nani itakaa juu ya singo, yaani santuri ya wimbo mmoja. Sisemi kwamba sauti hazikuzingatiwa. Ninasema kwamba orodha ya waliozingatiwa ilianza kuandikwa kutoka ndani ya nyumba.

Sasa tuingie katika mwaka wenyewe. Singo ya "We've Got Tonight" ilitangulia mwezi Januari. Mtunzi wake ni Bob Seger, mwanamuziki wa roki kutoka Michigan, ambaye alikuwa ameitoa mwenyewe mwaka 1978, akiimba peke yake kama mwanamume mpweke anayembembeleza mwanamke asiondoke. Kenny, akishirikiana na mtayarishaji David Foster wa Kanada, aliugeuza kuwa mazungumzo: mwanamume anaomba na mwanamke anajibu. Badiliko hilo limeondoa uchungu fulani uliokuwamo katika wimbo wa awali, kwa sababu kwa Seger hujui kama mwanamke atakubali, na hapa unajua tangu anapofungua kinywa. Mimi binafsi bado ninaipendelea ya Seger. Hata hivyo soko liliamua vingine, kwani singo hiyo ilifika nafasi ya 6 katika chati kuu ya Billboard na nafasi ya 1 katika chati ya kantri, jambo la kushangaza kwa Sheena Easton, msichana wa Bellshill karibu na Glasgow aliyekuwa na umri wa miaka 23 na ambaye hakuwa na uhusiano wowote wa awali na Nashville. Baada ya hapo hakuimba kantri tena kwa uzito. Muda si mrefu alikuwa akifanya kazi na Prince.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho huenda kilichangia kumchanganya aliyeandika juu ya kaseti ya baba yako. Mwaka 1981 Sheena na Dolly kila mmoja alikuwa na wimbo uliofika namba 1 nchini Marekani, na nyimbo hizo zilikuwa na majina yanayofanana. Wa Dolly ni "9 to 5," kutoka filamu yenye jina hilo. Wa Sheena uliitwa "9 to 5" pia huko Uingereza, lakini ulipopelekwa Marekani ukabadilishwa na kuitwa "Morning Train" ili watu wasiuchanganye na wa Dolly. Mtu anayenakili kaseti kwa ajili ya kuuza, akijua kwamba Kenny ameimba na "yule wa Nine to Five," angeweza kabisa kuandika jina lisilo lake. Miaka ile kaseti nyingi zilizouzwa mitaani Afrika Mashariki zilikuwa za kurudufiwa. Muuzaji aliokota nyimbo kutoka albamu tofauti, akazipanga upande A na upande B kadiri alivyoona zitauzika, na nembo ya kampuni ikapotea njiani. Kaseti yenye "Islands in the Stream" na "We've Got Tonight" pamoja, yenye kichwa cha kuandikwa kwa mkono, ina kila dalili ya kuwa ya aina hiyo, kwa kuwa mwaka 1983 nyimbo hizo mbili zilikuwa mali ya kampuni mbili zinazoshindana.

Albamu ya We've Got Tonight nitaipita haraka. Ilitoa singo nyingine mbili, "All My Life," iliyoishia nafasi ya 37 katika chati kuu, na "Scarlet Fever," iliyofanya vizuri katika kantri lakini ikashindwa kuvuka kwenda kwa wasikilizaji wa pop. Ni albamu ya mtu anayemalizia zamu. Ina nyimbo nzuri, ila haina wazo linaloziunganisha, na nadhani hata Liberty walijua kwamba macho ya Kenny yalikuwa yameshageukia mlango wa kutokea.

Mlango huo ulielekea RCA. Mkataba mpya ulitangazwa kuwa wa thamani ya takriban dola milioni 20 za Marekani, fedha ambazo hakuna msanii wa kantri aliyekuwa amewahi kuzisikia zikitajwa karibu na jina lake. Kampuni inapotoa kiasi hicho haingoji albamu ya tatu ndipo ipate faida. Inataka kibao kikubwa katika albamu ya kwanza, na inataka kisikike katika kila aina ya redio. Shinikizo hilo ndilo lililomleta Barry Gibb.

Huenda msomaji akajiuliza mtu wa kundi la Bee Gees, mfalme wa disko, alitafuta nini kwa mwimbaji wa kantri. Disko ilikuwa imegeuziwa kisogo nchini Marekani tangu mwaka 1979, na vituo vingi vya redio vilikuwa vimechoka kupiga nyimbo za Bee Gees chini ya jina lao wenyewe. Barry Gibb akageuka kuwa mtunzi na mtayarishaji wa wengine, na akafanikiwa vibaya sana: albamu ya Guilty ya Barbra Streisand mwaka 1980, kisha Heartbreaker ya Dionne Warwick mwaka 1982. Kenny alikuwa wa tatu katika mfululizo huo, na timu ya watayarishaji ilikuwa ileile ya Gibb, Karl Richardson na Albhy Galuten. Nyimbo zote za Eyes That See in the Dark zilitungwa na Barry Gibb, nyingi akishirikiana na ndugu zake Robin na Maurice au na Galuten, na katika baadhi yake unaisikia ile sauti nyembamba ya kina Gibb ikipanda nyuma ya Kenny mahali ambapo angeweza kusimama mwimbaji wa Nashville. Kwa hiyo ukiuliza ni nani mshirika mkubwa wa Kenny mwaka 1983, jibu la haki si Dolly wala Sheena. Ni Barry Gibb.

Na bado Dolly ndiye tunayemkumbuka, na kisa cha namna alivyoingia kilisimuliwa na Kenny mwenyewe katika mahojiano mengi. "Islands in the Stream" ilikuwa imetungwa na ndugu watatu wa Gibb wakiwa na mtindo wa soul akilini, na Kenny aliurekodi peke yake kwa siku 4 hadi akachoka nao na kumwambia Barry kwamba haupendi tena. Barry akajibu kwamba kinachokosekana ni Dolly Parton. Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika Lion Share, studio ambayo Kenny aliimiliki mjini Los Angeles, na meneja wake, Ken Kragen, alikuwa amemwona Dolly muda mfupi uliopita katika jengo hilohilo. Akafuatwa, akapanda, akaimba. Kenny alikuwa akisema kwamba tangu Dolly alipoingia, wimbo ule haukuwa tena ule aliokuwa akihangaika nao.

Kisa hicho ni kizuri na sina sababu ya kukitilia shaka. Lakini wanaokisimulia husahau kuongeza kwamba Dolly Parton alikuwa msanii wa RCA tangu miaka ya 1960. Miezi michache nyuma, Kenny alipokuwa bado wa Liberty, kumwita Dolly kutoka chumba cha chini kungekuwa mwanzo wa mazungumzo marefu kati ya kampuni mbili. Sasa wote wawili walikuwa na mwajiri mmoja, mwajiri ambaye alikuwa ametoka kumlipa Kenny mamilioni na ambaye hakuwa na neno dhidi ya nyota wake wawili wakubwa wa kantri kuingia kwenye singo moja. Bahati ilimleta Dolly jengoni, na mkataba ukairuhusu bahati hiyo ifanye kazi siku ileile.

Usikilize wimbo wenyewe tena kwa makini ukipata nafasi. Kenny anaimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, karibu ya kuzungumza. Baada ya kiitikio, ufunguo wa muziki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, unabadilika, na mabadiliko hayo yamewekwa pale kwa ajili ya Dolly, ili ubeti wake ukae mahali sauti yake inapong'aa bila yeye kulazimika kushuka kumfuata mwanamume. Katika nyimbo nyingi za watu wawili, mmoja hulipa gharama ya ufunguo, na mara nyingi ni mwanamke anayebanwa chini au kusukumwa juu. Hapa kila mmoja amepewa chumba chake, kisha wanakutana katika kiitikio. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wimbo huu kuimbika kwa urahisi harusini na katika kumbi za burudani, ambapo hata watu wasiojua kuimba hujikuta wameweza.

Singo hiyo ilitoka mwezi Agosti. Tarehe 29 Oktoba 1983 ilifika namba 1 katika chati kuu ya Billboard, ikiiondoa "Total Eclipse of the Heart" ya Bonnie Tyler, na ikakaa majuma 2 kabla ya kuondolewa na "All Night Long" ya Lionel Richie, mtu yuleyule aliyempa Kenny "Lady." Ilifika namba 1 pia katika chati ya kantri na ile ya nyimbo laini za watu wazima. Huko Uingereza iliishia nafasi ya 7. Ilitunukiwa platinamu, hadhi ambayo kwa singo za enzi ile ilidai nakala milioni 2, na Academy of Country Music ikaitangaza kuwa singo bora ya mwaka. Kwa Kenny na kwa Dolly, kila mmoja, ulikuwa wimbo wa pili kufika kilele cha chati kuu. Albamu nayo iliongoza chati ya albamu za kantri na kufika nafasi ya 6 katika ile ya jumla.

Nyimbo nyingine za albamu hiyo hazistahili kusahauliwa, ingawa sizioni zote kuwa sawa. "Buried Treasure," ambamo ndugu watatu wa Gatlin, waimbaji wa kantri, wanaitikia nyuma ya Kenny, ndiyo iliyo karibu zaidi na kantri halisi, nao ni wimbo mchangamfu. "This Woman" ilichaguliwa kuwa singo iliyofuata nchini Marekani mwanzoni mwa 1984, na haikufika popote karibu na kilele cha chati kuu. Kuna pia wimbo unaoitwa "I Will Always Love You," ambao huwapotosha wengi kwa sababu Dolly yumo katika albamu hii na anao wimbo wake maarufu wenye jina hilohilo wa miaka ya 1970. Hizo ni nyimbo mbili zisizohusiana; huu ni wa kina Gibb. Ukiukuta kwenye kaseti yako, usidhani kwamba Kenny amemkopa Dolly.

Je, albamu hii ni ya kantri? Swali hili liliulizwa wakati ule na bado linaulizwa. Wapo waliolalamika kwamba Kenny ameuza nafsi kwa pop ya Los Angeles, na ni kweli kwamba huisikii fidla wala gitaa la chuma likiongoza. Mimi naona lawama hiyo imechelewa miaka mitatu, kwa sababu "Lady" nayo haikuwa ya kantri kwa kipimo hicho. Tofauti iliyoletwa na 1983 ni kwamba hapo awali Kenny aliomba wimbo mmoja kutoka nje ya Nashville, na sasa aliomba albamu nzima.

Liberty nao hawakukaa wakitazama. Walikuwa bado wanamiliki rekodi zote za Kenny tangu 1976, na RCA walikuwa wakitumia fedha nyingi kumtangaza mtu huyohuyo. Wakatoa Twenty Greatest Hits mwaka huohuo, wakavuna kutokana na matangazo ambayo hawakuyalipia. Mbinu hiyo ni ya kawaida msanii anapohama, na hakuna kosa la kisheria ndani yake. Kwa mnunuzi wa Desemba 1983, hata hivyo, ilimaanisha kukuta dukani sura ya Kenny juu ya albamu mpya ya RCA na juu ya mkusanyiko wa Liberty, na kutojua ipi ni mpya. Liberty walifanya hivyo tena mwaka 1984 kwa mkusanyiko ulioitwa Duets, uliowaweka pamoja Dottie West, Kim Carnes na Sheena Easton. Dolly hayumo humo, na sasa unajua sababu.

Nje ya santuri, mwezi Novemba 1983 televisheni ya CBS ilionyesha filamu yake ya pili ya The Gambler, ambamo anaigiza mcheza kamari Brady Hawkes. Haikuwa na wimbo mpya wa kuvuma, lakini iliiweka sura yake sebuleni kwa Wamarekani katika majuma yaleyale ambayo "Islands in the Stream" ilikuwa ikipigwa kila redio.

Ni haki niseme kwamba kanuni yangu ya nyumba moja ina mpaka wake. Mwaka 1984, akiwa RCA, Kenny aliimba "What About Me?" na Kim Carnes pamoja na James Ingram, ambao wote wawili walikuwa wa kampuni nyingine, na mambo yakaenda. Kufikia hapo alikuwa na nguvu ya kuwafanya wanasheria wakubaliane. Lakini kwa kazi na Dolly alibaki ndani: albamu ya Krismasi, Once Upon a Christmas, ya mwaka 1984, na "Real Love" ya 1985, zote ni za RCA. Kazi hizo mbili za baadaye ndizo zinazochanganywa sana na kazi za 1983 katika orodha za intaneti, kwa hiyo ukiona mtu ameziandika chini ya mwaka huo, zifute.

Kuhusu kaseti ya baba yako, ukitaka kupata toleo halali la kila wimbo ulioutaja, tafuta Eyes That See in the Dark kwa ajili ya Dolly na We've Got Tonight kwa ajili ya Sheena. Mikusanyiko ya miaka ya karibuni huwaweka pamoja bila shida, kwa kuwa siku hizi vibali vya namna hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi. Kichwa kilichoandikwa kwa kalamu ningekiacha kama kilivyo, na kumwomba kaka yako aongeze jina la Sheena Easton chini yake.